Mtungi wa Sabili

Hamali alikunywa funda moja, akalitema mchangani. "Bi Chausiku, leo umetuchemshia chai bila majani?"

Chausiku ndiyo kwanza anarudi kutoka matangani Kinondoni. Mtungi ule wa udongo aliuweka kando ya njia tangu alipofiwa na mumewe, kila mpita njia anywe maji baridi, thawabu zimfikie marehemu. Akaugusa tumboni. Siku zote ulitoka jasho, na jasho hilo ndilo lililopoza maji. Leo ulikuwa mkavu, unateleza, unanuka rangi ya mafuta.

"Nimeupendezesha, shemeji," alisema mdogo wa marehemu, kajiegemeza mlangoni. "Rangi ya motakaa hiyo, Ulaya mtupu!"

Na katikati, kwa herufi nyeupe, alikuwa ameandika jina lake mwenyewe.

"Umeuziba pumzi. Halafu sadaka ya kaka yako unaitia jina lako?"

"Si watu wajue nani anawanywesha!"

"Mwenyezi Mungu anamjua."

Akaingia ndani, akatoka na jiwe la kusugulia miguu. Akapiga magoti mbele ya mtungi, akasema Bismillahi, akaanza na jina.