Hamira ya Shangazi Manka

Haraka haraka ina baraka, hasa kwa anayehesabu hamira ya pombe. Tone lake huchanganywa na rangi ya buluu, kisha hutazamwa kwa hadubini: chembe zilizokufa huinywa rangi, zilizo hai huikataa. Lakini ukikawia, hata zilizo hai huchoka kukataa.

Nakiete alilijua hilo, na bado akakawia. Shangazi yake, Manka, alikuwa ameitunza hamira ile miaka thelathini, pombe hadi pombe, na asubuhi hiyo alikuwa amemkejeli: "Mimi huinusa tu. Haya, tuhesabie wewe mwenye diploma." Kwa hiyo Nakiete alihesabu mara tatu, mraba kwa mraba wa kioo cha kuhesabia, asije akachekwa.

"Shangazi, zaidi ya nusu zimekufa."

Manka hakubisha. Aliinua ndoo, akaimwaga hamira yote mtaroni.

Ndipo Nakiete alipochukua tone lililosalia kwenye kijiko alichochotea, akalitia rangi na kulihesabu upesi. Katika chembe mia, za buluu zilikuwa nne tu. Alimwambia shangazi yake.

"Pua yangu ilisema ni nzima," Manka alisema taratibu. "Nikakuamini wewe. Huna neno la kuniambia, mwanangu?"

Nakiete alikuwa amepiga magoti, akiikwangua ndoo tupu kwa kijiko.

"Maisha yangu yote umenibishia, shangazi. Leo ndiyo ukanyamaza. Siombi radhi."