Saini Moja Pungufu

"Kumi na tisa," msimamizi wa uchaguzi alisema, akairudisha fomu mezani.

Fundi cherehani alimtazama kama aliyeambiwa gauni lina mikono mitatu. "Baba, hesabu vizuri. Wadhamini ishirini, nikiwemo mimi mwenyewe. Nimezunguka mtaa mzima siku tatu!"

"Majina ni ishirini, sikatai. Lakini mmoja wao alishatia saini kwenye fomu ya mwenzako, iliyoletwa juzi. Kanuni za uchaguzi mdogo ndivyo zilivyo: mpiga kura mmoja humdhamini mgombea mmoja, na fomu iliyotangulia ndiyo inayohesabiwa."

Mwenzake huyo alikuwa muuza nyama wa pale kona, mgombea mwingine pekee. Fundi akikwama, jamaa anapita bila kupingwa. Kiti cha diwani kilikuwa wazi tangu diwani aliyekuwepo ahamie mji mwingine, miezi saba sasa, na kwa miezi hiyo saba bomba la mtaa lilikuwa halitoi hata tone. Fundi alikuwa amechoka kubeba ndoo. Muuza nyama alikuwa na kisima uani kwake, na kila mara alishangaa watu wanalalamikia nini.

"Nitajie huyo msaliti."

"Fomu ya mwenzako haionyeshwi mpaka saa kumi, nitakapozibandika zote mbili ubaoni. Una hadi saa hiyo kuleta saini moja." Msimamizi akakohoa kidogo, macho yake kwenye faili. "Ila ningekuwa wewe, mama, nisingegombana na mtu."

Akamsogezea daftari. "Tia saini kwamba umerudishiwa fomu. Soma kwanza."

"Nisome nini, nina haraka!" Akachora saini yake, huyoo, nje.

Kabla hajafika dukani kwake alikuwa ameshamjua mbaya wake. Nani jana alionekana anacheka na muuza nyama mlangoni kwa bucha? Wifi yake, dada wa mumewe, ambaye sasa alikuwa amekaa kwa utulivu anashona vifungo, kana kwamba hakuna lililotokea.

"Wifi, kumbe ndivyo ulivyo!"

"Nimefanya nini tena?"

"Umeniuza kwa nusu kilo ya nyama!"

Wifi aliweka sindano chini. "Jana nilimpelekea suruali yake uliyomwekea zipu, ile uliyomtilia saini kwenye karatasi yake alipoileta. Si wewe uliyenituma?"

Fundi hakuambilika. Alimpa vidonge vyake pale pale, wapita njia wakasimama kusikiliza, naye akaapa mbele yao kwamba saa kumi watamjua msaliti kwa jina. Lakini moyoni aliumia. Miaka kumi na moja walikuwa wametumia pasi moja na kucheka vichekesho vilevile, na kwa kweli alimpenda kuliko ndugu zake wa kuzaliwa.

Kulia hakukuwa na nafasi. Alibisha hodi nyumba hadi nyumba. Huyu alikuwa tayari kwenye orodha yake, yule kwenye orodha ya bucha, wa tatu hakujiandikisha kupiga kura tangu azaliwe. Saa tisa na nusu alibaki mzee fundi redio, ambaye hakuwa amemsamehe kwa koti lililoishia viwikoni.

"Nitatia saini," mzee alisema, "ukiniahidi mikono ya koti itafika hapa." Akaonyesha kifundo cha mkono. Fundi aliahidi hadi kwenye vidole.

Saa kumi kasoro dakika nne alikuwa mbele ya meza, jasho likimtiririka. Msimamizi alihesabu, akahakiki, akagonga muhuri. "Umepita, mama. Kampeni zinaanza Jumatatu."

Fundi alipogeuka, nusu ya mtaa ilikuwa imejaa kwenye korido. Walikuja kumwona msaliti. Wifi naye alikuwepo, mikono kaifunga kifuani, macho mekundu.

Saa kumi kamili fomu zilibandikwa. Msimamizi alirudi ofisini kwake upesi kidogo, akafunga mlango.

Fundi alijipapasa kifuani, kisha kichwani. Miwani alikuwa ameisahau dukani, kama kawaida yake. Hata hivyo alifurahi, maana wazo lililomjia lilikuwa tamu zaidi.

"Wifi, njoo usome wewe mwenyewe. Fomu ya bucha, jina lililokatwa kwangu. Kwa sauti, kila mtu asikie!"

Wifi alisogea ubaoni, akashusha kidole taratibu kwenye orodha, akakisimamisha kwenye namba saba. Akainama. Akatazama tena. Midomo ikaanza kumcheza.

"Kwa sauti kabisa, wifi?" aliuliza kwa upole. "Maana jina hapa ni lako."