Mlo Bila Makelele

Kwa miezi mitatu Mzee Mbwarali aliamini mwanawe Mahfudh anakataa chakula kwa kiburi tu, akawa anamfokea kila mlo. Siku alipompeleka hospitalini, muuguzi alimwambia wazi: "Hana kiburi, baba. Ni mgonjwa. Anakiogopa chakula, na makelele yanamzidishia hofu."

"Lakini ni mwanamume!"

"Wanaume nao huugua, na hupona wakitibiwa."

Jioni mzee alipakua wali na maharage, akaketi kando ya mwanawe. Hakumwambia ale. Alimsimulia mechi ya mtaani, jinsi golikipa alivyodaka kandambili ya mshambuliaji, mpira ukampita. Mahfudh akacheka, kisha machozi yakamtoka.

"Naogopa, baba."

"Najua, mwanangu. Niko hapa."

Kijana akainua kijiko taratibu, mvuke wa wali ukimgusa usoni.