Kifua cha Refa

"Refa ananyonyesha!" uwanja mzima ulikuwa umemzomea jana. Leo Refa alikuwa juu ya kitanda cha daktari, shati mkononi, matiti yamechomoza kama ya msichana aliyevunja ungo, yanang'aa jasho.

Mkewe alikodolea macho ukuta. Matiti yale yalimtia kinyaa. Miezi sasa alikuwa akilala amempa mume mgongo. Godoro likitikisika tu, ngozi inamsisimka. Alijilaumu, lakini mwili haukumsikiliza.

"Ni mapishi ya huyu!" Refa alifoka. "Yale mafuta yake! Daktari akithibitisha, leo hii unafunga virago."

Tangu wazomeaji waanze, mtetezi wa Refa alikuwa mmoja tu: mama mkwe, aliyehamia kwao baada ya kufiwa na mumewe. Asubuhi alikuwa amempigia pasi shati mkwewe, akimwambia binti yake, "Mume ni mume, mwanangu. Usimbinulie midomo." Sasa alikuwa kwenye benchi, nje ya mlango.

Daktari aliminya titi la kulia. Refa akaruka.

"Pombe?"

"Sinywi."

"Sindano za kutunisha misuli? Dawa za vidonda vya tumbo?"

"Sijawahi."

Daktari alirudia majibu ya vipimo. Ini zima, korodani nzima. Homoni ya kike tu ndiyo iliyopanda.

"Chakula hakihusiki," alisema.

Mke alishusha pumzi. Virago vyake vimepona.

"Iko krimu ya homoni," daktari akaendelea. "Hupewa wanawake waliokoma hedhi, wanaosikia ukavu na maumivu. Hupakwa ukeni. Mwanaume akilala mara kwa mara na anayeitumia, na yeye inamwingia. Akiacha mapema, matiti hunywea. Akichelewa, hukakamaa, na hapo ni kisu." Akamgeukia mke. "Kwa hiyo, dada, uiache."

"Mimi bado naona siku zangu, daktari."

Refa alianza kuvaa shati haraka haraka. Vifungo vilimkataa.

"Hutumii kabisa?" daktari alimuuliza mke.

"Situmii."

"Lakini unaijua?"

Mke aliutazama mlango.

"Naijua," alisema. "Huwa namnunulia mama."