Baba wa Jioni Moja

Masharubu yaliyomlisha kwa miaka mingi Fikri Shalabi aliyanyoa mwenyewe, mbele ya kioo kilichopasuka, na mdomo wa juu ukatokea mweupe kama wa mgonjwa.

Kairo nzima ilimjua kwa masharubu yale. Jukwaani alikuwa mlevi. Kwenye filamu alikuwa shahidi wa uongo, yule anayeapa mahakamani huku jasho likimtiririka. Hakuwahi kuwa shujaa, na hakuwahi kukosa kazi. Watoto wa mtaa wake wa Shubra walimfuata njiani wakimwiga anavyopepesuka, naye akiwapungia mkono. Leo hakutaka kutambuliwa na mtu.

Mkewe, Inshirah, alimpigia pasi suti ya kijivu huku akiimba kwa sauti ya chini. Zamani alikuwa akicheza ngoma jukwaani katika kundi la mumewe, na picha zake zilibandikwa kwenye kuta za mtaa wa Imadeddin, mpaka magoti yalipomshinda. Akamwekea mumewe tarbushi vizuri, akamsukuma mlangoni.

"Usije ukaharibu," alimwambia.

Kituoni Raufu alikuwa akimngoja, kijana wa ofisi ya mwendesha mashtaka, viatu vinang'aa. Alikuwa anakwenda kumposa binti wa Jaji Bahgat Bey, na Jaji alikuwa amesema wazi: aje na baba yake, la sivyo asije.

Ndani ya tramu Raufu aliongea akiangalia dirishani.

"Wewe ni mkaguzi wa mifereji kule mji wa Tanta. Umestaafu. Sinema hukanyagi."

"Mifereji. Sawa."

"Usipige mapaja ukicheka. Bora usicheke kabisa. Na mama alikufa kwa homa, nikiwa mdogo."

Fikri akamgeukia. "Hawezi kuwa mgonjwa tu?"

"Mgonjwa watataka kwenda kumwona. Afe."

"Haya."

"Na usisahau kuniita mwanangu."

"Hilo sitasahau. Na wewe utaniita baba?"

"Mbele yao," alisema Raufu. "Itabidi."

Jaji aliwapokea vizuri, mtu mnene, mpole, mwenye miwani. Kahawa ikaletwa. Kwenye kiti cha pembeni alikaa mama yake, hajati mzee mwenye tasbihi, na macho yake hayakumbanduka Fikri.

"Nimekuona wapi wewe, bey?"

"Labda Tanta, hajati."

"Tanta nilikwenda mara moja, harusi ya dada yangu. Wewe hata mimba yako ilikuwa bado."

Kikombe cha Raufu kiligonga kisahani. Jaji akacheka, akamwomba mgeni amsamehe mama, kisha akaingia kwenye mambo ya kazi yake.

"Juzi nimemkatalia mtu ushahidi. Mwigizaji. Wazee wetu hawakuwa wakiwapokea mahakamani, na mimi naona walikuwa na akili. Mtu anayelia kwa mshahara, machozi yake ya kweli utayajuaje? Wewe unaonaje, bey?"

Fikri alihisi uso unamuwaka. Raufu alikuwa anamtazama, kwa mara ya kwanza tangu walipoonana.

"Watu ovyo," alisema Fikri. "Mimi hata mmoja wao nisingemruhusu akanyage kizingiti changu."

"Umesema kweli, baba," Raufu akadakia.

Hajati akaweka tasbihi mapajani. "Na mama wa kijana, mbona hatujamwona?"

Fikri akafungua kinywa. Maneno yenyewe yalikuwa mafupi, na yeye alishawahi kusema marefu kuliko hayo mbele ya ukumbi uliojaa, tena akijifanya amelewa. Hayakutoka.

"Alikuwa akiimba akipiga pasi," alisema mwishowe. "Basi homa ikamchukua."

Machozi yakamshuka. Jukwaani alikuwa hawezi kulia mpaka afiche kitunguu kwenye kitambaa. Leo yalikuja bila kuitwa, hata akashindwa kuyazuia. Hajati naye akalia. Jaji alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Machozi kama haya hayaigizwi," alisema. "Tumsomee marehemu Fatiha."

Wote wakainua viganja. Ilipofika amina, Fikri hakuthubutu kuitamka.

Jaji hakushusha mikono. "Na sasa tusome nyingine, ya heri. Binti yangu nimempa."

Wakasoma. Fatiha ya posa ikishasomwa, neno limekwisha. Sharbati ikaletwa, na hajati akambusu Raufu kichwani.

Kituoni Raufu alimpa Fikri mkono, kama mtu anavyoagana na karani baada ya shughuli.

"Umefanya vizuri. Siku ya harusi nitawaambia unaumwa."

"Ndiyo. Itakuwa vizuri hivyo."

Kijana akapanda tramu ya kwenda mjini, kwenye chumba chake alichopanga. Fikri akangoja ya Shubra.

Ngazi alizipanda taratibu. Kabla hajagonga, mlango ulikuwa wazi, na Inshirah amesimama pale kavaa gauni lake la sherehe, jagi la sharbati ya waridi mkononi.

"Haya, sema. Wamemkubali mwanetu?"

"Wamemkubali."

"Na Fatiha mmesoma?"

Fikri alivua tarbushi, akaitazama ndani.

"Tumesoma. Mara mbili."

"Mara mbili," alisema Inshirah. "Hao sasa ndio watu." Akarudisha kichwa nyuma, akapiga kigelegele mpaka majirani wakafungua madirisha.