Nta Kwenye Nati

"Baba, nati hii imenishinda," binti yake Vangel alisema, akimpa spana. "Hebu tuone kama zile sifa zako ni za kweli."

Vangel akaipokea kwa mkono wa kulia, ule uliopooza msimu wa theluji na sasa ndio kwanza ulianza kupata nguvu. Alikuwa ameapa kwamba mkono huo ukishindwa na nati ile ya lori lake kuukuu, iliyoliwa na kutu, basi lori liende kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Akaegemea spana. Nati ikazunguka, laini kabisa.

Ndipo akasikia harufu ya asali. Kwenye meno ya bolti kulikuwa na nta ya nyuki ya manjano, ya mishumaa ya kanisani. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha binti yake: ipashe nati moto, iguse kwa mshumaa, nta itajipenyeza yenyewe. Kumbe binti alikuwa amekwisha kuilegeza, akaikaza tena kwa vidole tu.

Binti alikuwa ametazama pembeni, amezuia pumzi.

Vangel akakunja uso, akaguna kama anayeng'oa mti.

"Ngumu kama kichwa cha mama yako!" alisema akihema. "Lakini imekubali. Lori haliuzwi."

"Na zilizobaki, Baba?"

"Hizo tutazifungua sote wawili."