Jiko Linagoma Masanja Akiwa Ndani

Siku hizo kila mtu mzima alivaa mkanda kiunoni, uliopima mafuta yaliyozunguka ini na utumbo wake. Jiko la kila nyumba lilifuata mikanda ya waliomo ndani. Mkanda mmoja ukiwa mwekundu, hakuna kukaanga.

Wa Masanja ulikuwa mwekundu tangu masika. Alikula mboga za kuchemsha, alitembea kila asubuhi mpaka magoti yakamuuma, lakini rangi haikubadilika.

Mama yake alikuwa mgonjwa kitandani na chakula kilikuwa kimemshinda. Jioni moja akasema, "Nina hamu ya chapati."

Nyamizi, mke wa Masanja, akakanda unga haraka. Jiko likagoma. Akamgeukia mumewe. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu.

"Baba Kabula, naomba utoke kidogo."

Masanja akatoka, akasimama barazani. Punde harufu ya chapati ikamfikia, kisha akamsikia mama yake akicheka na wajukuu. Hakukumbuka mara ya mwisho kumsikia akicheka.

"Masanja yuko wapi?" mama akauliza.

"Anapunga upepo, mama. Kula."

Masanja alitamani kumwona mama yake akila. Akashika kitasa cha mlango.

"Subiri!" Nyamizi akaita. "Za watoto bado!"

Akakiachia.

Baadaye mlango ukafunguliwa. Nyamizi alikuwa amebeba godoro jembamba na blanketi.

"Kesho mama anataka maandazi ya asubuhi," alisema, akilitandika barazani bila kumtazama.